Nyama ya Harusi ya Bawshar

"Mashine ndiyo iliyokuwa inagonga, afande. Mashine."

Filomena aliyasema hayo kwa Kiswahili chake cha Songea, mikono kaiweka juu ya meza kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Kapteni Nadra hakuandika neno. Aliyeandika ni Sajenti Fahd, kasimama pale mlangoni, na kalamu yake ilikwenda mbio kama ya mtu aliyepata alichokifuata.

"Iligonga vipi?" Nadra aliuliza.

"Kwa ndani. Kama chuma kinapigwa na kitu. Inagonga, inanyamaza, inaanza tena. Chumba changu kiko nyuma ya ghala, ukuta mmoja na chumba cha baridi. Nikasema hii ndiyo ile mbovu aliyoisema bosi mdogo. Nikaongeza sauti ya kwaya kwenye simu mpaka nikapata usingizi."

"Bosi mdogo ni Loay?"

"Ndiyo. Aliniambia tangu Alhamisi. Mashine ya baridi ina tatizo, Filomena, itapiga kelele, usishtuke, usiiguse."

"Nani mwingine alimsikia akisema hivyo?"

"Tulikuwa wawili tu jikoni, mimi na yeye."

"Kwa hiyo shahidi wako ni yeye mwenyewe."

Filomena akatazama vidole vyake. "Ndiyo, afande."

"Na kufuli ulilifunga wewe?"

"Jumamosi agizo lilikuja kwenye simu, lina picha ya bosi, Bi Ghaliya. Funga chumba cha baridi. Mimi nilikuwa napiga pasi vitambaa vya meza. Nikaenda, nikakuta taa imezimwa. Swichi iko nje, na kanuni yetu ni hiyo, taa ikizimwa maana yake ndani hakuna mtu. Gari la bosi lilikuwepo uani, nikajua yuko ofisini. Nikafunga, nikaweka alama kwenye simu kwamba kazi imekwisha, nikarudi kwenye pasi."

"Hukuchungulia?"

"Nichungulie nini, afande? Giza?"

Asubuhi ya Jumapili huyu huyu Filomena ndiye aliyefungua lile kufuli na kumkuta Bi Ghaliya amejikunyata nyuma ya mlango, shungi kajizungushia mikononi, nyusi zimeota barafu. Na Muscat nzima inayosema Kiswahili ilimjua Bi Ghaliya. Kama hukula biriani yake harusini umeila msibani, na kama hukukalia viti vyake basi wewe hualikwi popote. Ghala lake lilikuwa Mabela, na humo ndimo zilimotoka shughuli za nusu ya mji.

Daktari alisema baridi ndiyo iliyomwua. Nyuma ya kichwa palikuwa na uvimbe, lakini uvimbe ule ulimlaza tu. Na alisema jambo jingine, kuhusu kucha za marehemu. Hilo la kucha Nadra alikataza lisitajwe ndani ya chumba cha mahojiano.

Kwa Fahd kesi ilikuwa imeiva. Ufunguo alikuwa nao Filomena, na aliyelala pale ni Filomena. Mwezi uliopita aliomba ruhusa akamzike mama yake, Bi Ghaliya akamnyima kwa kuwa ni msimu wa harusi, na jiko zima lilimsikia akimwambia tajiri wake kwamba Mungu atamlipa. Sasa ameongeza kwa mdomo wake kwamba alisikia kugongwa na hakufungua. Leo Jumanne, baada ya adhuhuri, faili lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka. Kesi ya kuua ikishaingia kule haina mlango wa nyuma.

"Kamsikia mwenzake anakufa, kaongeza kwaya," Fahd alisema walipotoka chumbani. Yeye ni mtoto wa mji wa Sib, lakini bibi yake wa Pemba alimlea kwa Kiswahili na kwa kofi. "Kakiri, Kapteni. Unataka nini zaidi?"

"Kasikia mashine."

"Fundi wetu kaikagua. Mashine nzima kama siku ilipotoka kiwandani."

"Sikuuliza kama ilikuwa mbovu. Nauliza kama kuna mtu alimwambia kuwa ni mbovu. Leta gari, twende Mabela."

*

Loay aliwapokea kwenye mlango wa ghala. Alikuwa mtoto wa dada yake Bi Ghaliya, naye alimwita khalti, kijana mwenye adabu, dishidasha jeupe, ndevu hazijaguswa tangu Jumapili. Macho yalikuwa mekundu. Nadra aliyatazama, akaona ni wekundu wa kweli.

"Karibuni. Nataka niwahi Sib, leo ndiyo siku ya mwisho ya azaa, ya kupokea mikono ya pole, na wanaume wananisubiri mimi."

"Hatukuweki. Nionyeshe tu jinsi mlivyokuwa mkipangiana kazi."

Ofisini palikuwa na skrini iliyojaa ukuta. Loay akaigusa. Katikati likatokea duara lenye maneno Harusi, Bawshar, Alhamisi. Kutoka kwenye duara yakachomoza matawi kila upande: mahema, viti, chakula, maua, bibi harusi. Kila tawi likazaa vijitawi, na kwenye ncha ya kila kijitawi palikaa picha ndogo ya uso wa mtu. Kazi iliyokwisha ilikuwa na alama ya kijani.

"Khalti alikuwa akiandika kazi kwenye kiganja," Loay alisema. "Kwa kalamu ya wino. Akitia udhu, harusi ya watu imekwenda na maji. Ndipo nikamletea hii programu. Inakuchorea mawazo yako kama yalivyo kichwani. Wateja, madereva, nani katoa oda ya ubani gani, yote yamo, na kila mfanyakazi anaona tawi lake kwenye simu. Sisi tuliuita mti. Alicheka siku ya kwanza, halafu akaupenda kuliko alivyotupenda sisi. Alikuwa na neno lake: kisichokuwa kwenye mti hakipo."

"Neno zuri."

"Mfanyakazi akisema 'sikuambiwa', anamleta hapa mbele ya skrini. Basi, maneno yamekwisha."

Bila ya kuombwa, akafungua siku ya Jumamosi. Uso wa Filomena ukajitokeza, chini yake Funga chumba cha baridi, na alama ya kijani. Pembeni, kama mtoaji wa agizo, uso wa Bi Ghaliya akicheka.

"Khalti kaagiza, Filomena kafunga. Sina la kuongeza. Mimi nilishaondoka."

"Marehemu alitoa agizo kwa simu yake?"

"Kwa hii tabuleti ya ofisini. Kila siku huwa hapa mezani."

"Na mashine ya baridi ilikuwa na hitilafu?"

"Ile?" Loay akashangaa vizuri, bila haraka. "Mpya ile. Mwaka huu tumeifunga. Nani kasema?"

"Filomena."

"Atasema nini tena, masikini."

Nadra akaingia kwenye chumba cha baridi. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini kuta bado zilitoa ubaridi wa kaburi la msimu wa mvua, na Fahd alibaki nje akijifanya anasoma kibao. Mlango ulikuwa na bamba la chuma kwa ndani. Pale mahali pa kitasa cha kujifungulia palikuwa na matundu mawili ya skrubu, kingo zake zinang'aa, hazina kutu hata chembe. Chini ya matundu, rangi ilikuwa imekwanguliwa mistari mistari. Nadra hakuigusa ile mistari.

"Kitasa cha ndani kiko wapi?"

"Kiling'oka zamani," Loay alijibu kutoka ofisini. "Tulikuwa tunangoja fundi."

"Kipo kwenye mti?"

"Vitu vidogo vidogo khalti alivipuuza."

Nadra akageuka kutazama rafu. Zilianzia sakafuni zikafika juu, pande tatu, zote tupu. Kwenye picha za Jumapili zilikuwa tupu vile vile, na askari wote, naye akiwemo, walikuwa wametazama maiti wakaacha rafu.

"Loay, harusi ni Alhamisi. Nyama iko wapi?"

Aliporudi ofisini akakuta kijana ameshafika kwenye skrini. Chini ya chakula palikuwa na kijitawi Nyama, maziwa, maua, nacho kimening'inia chini ya maneno Sib, kwa Bi Wadha.

"Kwa mama yangu. Khalti aliihamishia kule."

"Kwa nini?"

"Mambo yake. Sib kuna nafasi zaidi."

"Lini?"

"Hilo mti hausemi. Unaonyesha kitu kilipo, hauonyeshi kilikotoka." Akaweka kidole juu ya tawi la viti, akalivuta, akalipachika chini ya bibi harusi. Likakaa. "Unaona? Kama limezaliwa hapo." Akalirudisha mahali pake. "Historia wanayo wenye programu, nje ya nchi. Waandikieni."

"Tumeshawaandikia," Fahd alisema. "Wanataka barua kutoka kwa balozi, sijui kwa nani. Mpaka wajibu, huyo mama wa Songea ameshazeeka jela."

Loay akavaa kofia yake. Alimpa Nadra mkono wa pole kana kwamba mfiwa ni Nadra.

*

Nyumba ya Bi Wadha iko Sib, nyuma ya soko, na siku ile ungedhani mji mzima umehamia mle. Viatu vilianzia kwenye geti. Upande wa kushoto, chini ya hema, wanaume walikaa mistari miwili wakinywa kahawa na kuulizana bei za viwanja. Nadra akavua viatu, akajitanda shungi lake jeusi, akapita upande wa kulia.

Ndani wanawake walikuwa wamezunguka kuta zote nne, na wengine katikati. Kwenye kona moja walisoma Yasin. Kona nyingine walinong'ona bei ya dhahabu. Sinia la biriani likatua mbele ya Nadra kabla hajakaa sawasawa. Pembeni yake alikuwa jirani wa Bi Wadha, mwanamke mnene mwenye mnong'ono unaofika mpaka barabarani.

"Kula, bibie. Usione haya. Nyama ya harusi hiyo."

"Harusi ya nani?"

"Ya Bawshar, ya Alhamisi. Bibi harusi wa watu anamngoja mbuzi wake, sisi tunamla huku."

"Hebu nyamaza wewe, kuna msiba," mwenziwe akamgusa goti.

"Msiba si ndio huu nnaoula?"

Nadra akamega tonge, akalishika. "Nyama imefikaje huku?"

"Kwa friza mbili. Ijumaa, watu ndio wanatoka msikitini, pikapu ya Loay hiyo imeziba njia nzima. Mume wangu kashindwa kuingiza gari, kakaa juani na kanzu yake mpya. Kwani mie nitasahau? Alivyonisema siku ile, utadhani friza nimezibeba mie."

"Loay alikuwa na Bi Ghaliya?"

"Peke yake. Na Ghaliya wangepandaje pikapu moja, walikuwa hawaangaliani?" Akasogea, tonge mkononi. "Huyo kijana mtamu wa ulimi, lakini ana yake. Ile harusi ya Al Hail umeisikia? Mahema ya Ghaliya, sahani za Ghaliya, jina la kampuni jingine kabisa. Kaunakili ule mti wao wote, na wateja na kila kitu, kajifungulia shughuli yake kando. Ghaliya kajua. Kasema hapa hapa, kakaa ulipokaa wewe: Jumapili namtoa kwenye mti."

"Alisema Jumapili?"

"Muulize yeyote humu. Ghaliya alikuwa hasemi kwa siri, mtu wa watu yule. Mungu amrehemu."

"Amin," wakaitikia watatu waliokuwa wakijifanya hawasikilizi.

Nadra akalirudisha tonge kwenye sinia. Akanawa, akavuka majamvi mpaka mwisho wa ukumbi alikokaa Bi Wadha, dada mkubwa wa marehemu. Mwanamke mdogo wa mwili, tasbihi mkononi, macho makavu ya mtu aliyekwisha lia. Nadra akapiga magoti, akambusu mkono.

"Mungu akupe subira, Bi Wadha."

"Wewe si mtoto wa Zamzam? Nakujua. Mama yako tumesoma chuo kimoja Tabora, kwa mwalimu yule yule mkali. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nna swali moja dogo tu, nalo si la leo, lakini limenilazimu."

"Sema, mwanangu. Huyo mwanamke aliyemuua ndugu yangu keshapelekwa?"

"Bado. Hizi friza mbili, mama. Loay alipozileta alikwambia ni za nini?"

"Alinambia mashine ya Mabela imekorofika. Nyama ya watu itaoza, mama, nihifadhie. Mie nna nafasi, nikamwambia lete."

Nadra akasogea karibu. "Alisema mashine imekorofika. Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo. Tena kanambia inapiga kelele, inagonga."

Yule jirani mnene alikuwa ameacha kutafuna. Hata kona ya Yasin sauti zilipungua.

"Na marehemu alijua kuwa nyama iko huku?"

"Asijue vipi? Nyama yake." Bi Wadha akavuta punje moja ya tasbihi, akavuta ya pili. "Ila alinipigia Jumamosi, baada ya alasiri. Kanambia, dada, naona kwenye mti nyama yangu ya Bawshar iko kwako, nani kaileta? Nikamwambia mwanangu, si mashine yako imekorofika. Akasema, mashine gani? Mbona mimi sijui? Kanambia naingia garini sasa hivi nakwenda kuangalia." Akavuta punje nyingine. "Ndio mara ya mwisho kumsikia."

Punje za tasbihi zilisimama.

Bi Wadha akainua uso. Akamtazama Nadra, akatazama mlango, akatazama wanawake waliokuwa wakimtazama. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Nadra, akaukaza.

"Nadra. Nimesema nini mie?"

"Umesema ulichokisikia, mama."

"Mwanangu yuko nje, anapokea watu."

Nadra akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Leo asubuhi kala nami sahani moja," Bi Wadha alisema. "Nimemmegea nyama kwa mkono wangu."

Hakuna aliyelia. Yule jirani akalivuta lile sinia la biriani, akalifunika kwa kitambaa, akalisogeza mbali na watu.

*

Loay alisimama mdomoni mwa hema, wa kwanza kwenye mstari wa wafiwa, akipokea mikono. Nadra hakumwita. Alimngoja amalizane na mzee mmoja wa bakora, kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kuna jambo la kuweka saini. Wakatembea mpaka kwenye pikapu yake, iliyosimama kwenye kivuli cha ukuta. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaanza.

"Nifungulie mti," Nadra alisema. "Upo kwenye simu yako?"

Akaufungua.

"Nionyeshe fundi."

"Fundi gani?"

"Wa mashine ya baridi. Imekorofika, inapiga kelele, inagonga. Nyama inahamishwa Sib ili isioze. Basi pana fundi aliyeitwa. Nionyeshe tawi lake."

"Nimekwambia mashine ilikuwa nzima."

"Umeniambia mimi hivyo. Mama yako umemwambia mbovu. Filomena umemwambia mbovu. Mimi nilikuwa wa tatu, nami ndiye uliyenipa habari tofauti."

"Mama mtu mzima, kafiwa, anachanganya mambo."

"Kasema mbele ya ukumbi mzima. Unawajua waliomo mle. Saa hii hata kule Salala wameshapata habari."

Loay akafuta uso kwa ncha ya mkono wa dishidasha lake. Fahd alikuwa upande wa pili wa gari.

"Nitakupangia mimi mti," Nadra alisema. "Katikati tuweke Jumapili, siku ya kuondolewa kwako. Tawi la kwanza, Filomena: umemwambia mashine itagonga, ili itakapogongwa alale. Tawi la pili, nyama: umeitoa Ijumaa kwa mkono wako, lakini kwenye mti umeivuta Jumamosi alasiri, kwa sababu ulijua khalti yako akiona kitu kimehama bila idhini yake atakuja mwenyewe. Akaja. Akaingia kwenye rafu tupu kutazama. Ukampiga kisogoni, akalala. Tawi la tatu, taa: umezima. La nne ni tabuleti ya ofisini. Agizo la kufunga limetoka na uso wake, wakati yeye yuko gizani chini. Mkono wa kufunga kufuli umeuazima kwa Filomena."

"Huna ushahidi wa hayo."

"Kapteni," Fahd aliita. Alikuwa amefungua sanduku la vifaa nyuma ya pikapu. Ndani ya kitambaa cha kufutia mafuta palikuwa na kitasa cha chuma, kipya, na skrubu zake mbili zimerudishwa kwenye matundu yake ili zisipotee. Mtu wa kazi hatupi skrubu.

Loay akakitazama kile kitasa kwa muda mrefu. Nyuma yao hema lilikuwa linamwagika watu waelekeao msikitini, na wawili watatu walipunguza mwendo.

"Jambo moja silielewi tangu nilipopewa lile sinia," Nadra alisema. "Ungeiacha nyama mle ndani, nisingetazama rafu. Wala mama yako asingekuwa na la kusema. Ungeweza kumtafutia khalti yako sababu nyingine ya kuja. Nyama uliitoa ya nini?"

Loay akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Ningeiacha?" alisema. "Chakula cha watu, ndani na maiti? Nani angekila?"

Fahd akafunga kile kitambaa taratibu. Akamfungulia Loay mlango wa nyuma wa gari la polisi, na Loay akainama akaingia, akashika kofia isianguke.

*

Faili halikwenda kwa mwendesha mashtaka mchana ule, au tuseme lilikwenda likiwa na jina jingine juu. Filomena aliletwa mapokezi kabla ya magharibi. Askari wa zamu akamwagia vitu vyake juu ya kaunta: rozari, kibanio cha nywele, simu. Nadra akaweka pasipoti juu yake. Ilikuwa kwenye mtoto wa meza ya Bi Ghaliya.

"Umeachiwa," alimwambia. "Aliyefanya amepatikana. Ni Loay."

Filomena aliushika ukingo wa kaunta. Kisha akavaa rozari shingoni, akaiingiza ndani ya gauni.

"Ahsante, afande. Mungu akuweke."

"Utataka kwenda kwenu?"

"Nikaone kaburi la mama." Akafungua pasipoti, akatazama picha yake, akaifunga. "Na ile mashine walishaitengeneza? Maana wataleta msichana mwingine, atalala kile chumba. Haitamwacha apate usingizi."

Fahd alikuwa anajaza fomu ya kuachiwa. Aliacha kuandika.

"Mashine haikuwa mbovu, Filomena," Nadra alisema.

"Bosi mdogo alisema..."

"Alisema uongo."

"Lakini iligonga, afande. Niliisikia kwa masikio yangu. Inagonga, inanyamaza, halafu inaanza tena, lakini taratibu zaidi, kama inachoka..."

Nadra alisimama pale pale, hakuangalia pembeni. Aliona jinsi jibu lilivyofika lenyewe, bila ya mtu kulileta, likaingia kwenye uso wa yule mwanamke, likakaa.

Nje taa za uwanja ziliwaka. Askari wa zamu akasukuma kalamu mbele. Filomena akaweka saini mahali alipoonyeshwa, akachukua kibanio chake, akachukua pasipoti. Ile simu ya kwaya aliigusa kwa kidole kimoja tu, akaisogeza polepole mpaka upande wa pili wa kaunta, akatoka.

Fahd akaidaka, akaanza kumkimbilia.

"Iache," Nadra alisema.